Namna ya kuitazama The Driller Killer vizuri: kopi ipi utafute, ipi uiache, na TV uiweke vipi

Hii muvi watu wengi wanaijua kwa kava tu. Lile kava la jamaa anapiga ukelele huku drili inamzama kwenye paji la uso na damu inamchuruzika usoni, ukiliona mara moja halikutoki kichwani, na hapo ndo tatizo linapoanzia, maana mtu anaenda kuitafuta muvi akitegemea machinjo mwanzo mwisho, anabeba kopi ya kwanza anayokutana nayo mtandaoni, kopi yenyewe ina giza, sauti inakwaruza, haelewi nani kasimama wapi, nusu saa haijaisha kashazima na kasema ni takataka. Mimi naipenda hii muvi kwa dhati kabisa na inaniuma ikihukumiwa kwa kopi mbovu, kwa hiyo nimeona niandike kila kitu unachotakiwa kujua kabla hujabonyeza play.

Tuanze na muvi yenyewe, maana usipojua unaenda kutazama nini huwezi kujua kopi nzuri inatakiwa ikuonyeshe nini.

The Driller Killer ni ya 1979, kaiongoza Abel Ferrara akiwa bado kijana ambaye hajulikani, stori kaandika Nicholas St. John, na mhusika mkuu, Reno Miller, kaigiza Ferrara mwenyewe, ila kwenye majina utasoma Jimmy Laine, usihangaike kumtafuta ni mtu gani, ndo yeye huyohuyo. Imepigwa New York, Manhattan, maeneo ya Union Square, kwa filamu ya milimita 16, yaani ule mkanda mwembamba ambao waliokuwa hawana hela ya milimita 35 ndo walikuwa wanautumia, na kamera kashika Ken Kelsch. Reno ni mchoraji. Anaishi kwenye ghorofa moja chakavu na wanawake wawili, Carol na Pamela, kodi inadaiwa, bili ya simu imekuja ya kutisha, na matumaini yao yote yapo kwenye mchoro mmoja mkubwa wa nyati ambao Reno hamalizi kuuchora na anatakiwa amuuzie mwenye galari, yaani sehemu ya kuonyesha na kuuza michoro, anaitwa Dalton Briggs. Sasa kwenye jengo hilohilo inahamia bendi ya punk, Tony Coca-Cola na wenzake wa The Roosters, na wale wanapiga mazoezi mchana na usiku, nyimbo zilezile, kelele zilezile. Reno halali. Anaanza kuona maono ya damu na ya drili. Halafu siku moja kwenye TV anaona tangazo la betri ya kuvaa kiunoni, Porto-Pak, ukiivaa unatumia vifaa vya umeme popote bila kuchomeka ukutani.

Hapo ndo mambo yanaharibika, na wanaoanza kufa ni watu wasio na makazi, wanaolala barabarani na kwenye vituo. Sio bahati mbaya. Reno anawaogopa wale watu kwa sababu anaona ndo mwisho wake mwenyewe, kodi ikishindikana na mchoro ukikataliwa. Ukilishika hilo tangu mwanzo muvi nzima inafunguka, na ukilikosa utabaki unajiuliza mbona mauaji yanachelewa. Ndiyo, yanachelewa. Sehemu kubwa ya muda utakuwa unatazama ugomvi wa bili, mazoezi ya bendi, jamaa anakula piza kwa fujo, mchoro wa nyati. Kama unachotaka ni mtu kufa kila baada ya dakika kumi, kuna muvi nyingine nyingi zitakufaa na hii itakuchosha, nakwambia mapema. Na ni ya watu wazima kweli, kuna uchi na kuna damu ya kutosha, watoto wakalale kwanza.

Kwa nini kopi zake ni nyingi na zimechanganyikana hivi

Hapa lazima tuende Uingereza kidogo, maana jina lote la hii muvi limetengenezwa kule, na ukinunua kopi ya kule inabidi ujue ni ya kipindi gani.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 video zilipoanza kuingia majumbani Uingereza hakukuwa na sheria ya kuzipanga kwa umri. Muvi ya sinema ilikuwa inapita kwanza BBFC, ile bodi yao ya kukagua filamu, lakini kanda ya kwenda nayo nyumbani ilikuwa haipiti popote, mtu ana kampuni yake ndogo ananunua haki anarudufu kanda anaweka kava anapeleka dukani basi. Na kwa kuwa muvi zilikuwa nyingi na hazijulikani, kava ndo lilikuwa linauza. Kampuni ya VIPCO ikaitoa The Driller Killer 1982, ikachukua lile tukio la drili kwenye paji la uso, ikaliweka mbele ya kava na kwenye matangazo ya ukurasa mzima ya magazeti ya video. Watu wakalalamika kwa mamlaka ya viwango vya matangazo, magazeti ya kawaida yakadaka stori, wanaharakati wa maadili kina Mary Whitehouse wakaingia, na ndani ya muda mfupi likazaliwa jina la jumla la muvi zote za aina hiyo, video nasties, yaani video chafu. Wengi waliokuwa wanapiga kelele kuhusu hii muvi walichokuwa wamekiona ni ile picha ya mbele, basi.

Mwendesha mashtaka mkuu wa serikali akawa na orodha yake ya kanda ambazo zinaweza kupelekwa mahakamani kwa sheria ya machapisho machafu ya 1959. Orodha ilipanda ikashuka, jumla zilizowahi kuingia zikafika 72, na kati ya hizo 39 ndo zilizobaki kama zilizoshtakiwa na kesi ikashinda. The Driller Killer ipo kwenye hizo 39. Polisi walikuwa wanaingia madukani wanabeba makanda. Kisha mbunge Graham Bright akapeleka mswada na ikatoka Video Recordings Act ya 1984, kuanzia hapo kanda bila cheti cha BBFC haiuzwi wala haikodishwi. (Mwaka 2009 ikaja kugundulika kwamba ile sheria haikuwahi kupelekwa Tume ya Ulaya kama ilivyotakiwa, ikabidi waipitishe upya mwanzoni mwa 2010. Miaka 25 yote hiyo!)

Kilichofuata ndo kinakuhusu wewe mnunuzi. Baada ya ile sheria muvi ikapotea kihalali Uingereza, watu wakawa wanarudufishiana kanda kwa kanda, kopi ya kopi ya kopi. 1999 ikarudi kihalali ila ikiwa imepunguzwa. 2002 ndo ikapitishwa nzima. 2016 Arrow Video wakaitoa kwa Blu-ray ikiwa imesafishwa upya kwa 4K. Huku Marekani nako ilikuwa inatoka kwa njia zake, makampuni kibao yameitia kwenye yale maboksi ya muvi hamsini kwa bei ya kutupa, picha zimetoka kwenye kanda za zamani, na wakati huohuo Cult Epics wakatoa DVD yao ya maana. Kwa hiyo ukiandika jina la muvi kwenye sehemu ya kutafuta vinakuja vitu vya aina zote kwa pamoja, vizuri na vibaya, na kava karibu zote zinafanana.

Namna ya kuzitofautisha

Cha kwanza angalia dakika. Ipo vesheni ya sinema, hiyo ina kama dakika 96, na ipo vesheni ya kabla haijatoka rasmi, ambayo Ferrara aliifupisha baadaye, hiyo ina kama dakika 101. Zote mbili ni halali na Arrow wameziweka zote. Hadi hapo rahisi. Ugumu unakuja kwa kanda na DVD za mfumo wa PAL, ule wa Ulaya. Muvi inapigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, PAL inaenda kwa fremu 25, kwa hiyo walichokuwa wanafanya ni kuikimbiza tu muvi kidogo, asilimia 4 hivi. Muvi ya dakika 96 kwa PAL inaisha kwenye dakika ya 92. Watu wengi wanaona 92 wanasema imekatwa, hapana, imekimbizwa. Na ubaya wa hiyo hesabu ni kwamba vesheni ndefu ya 101 ikikimbizwa inakuwa 97, ambayo inafanana kabisa na vesheni ya kawaida isiyokimbizwa. Kwa hiyo kabla hujagombana na muuzaji kuhusu dakika ngapi zimekosekana, muulize kwanza ni PAL au NTSC, ule mfumo wa Marekani, kama ni PAL chukua dakika zilizoandikwa zidisha kwa 25 gawa kwa 24 ndo upate urefu wake wa kweli. Blu-ray ya 2016 haina hiyo shida, inacheza kwa 24 kama ilivyopigwa.

Kwa masikio pia utaijua iliyokimbizwa, sauti za watu zinapanda juu kidogo na bendi inakuwa na haraka isiyokuwa yake. Kwa muvi ambayo muziki wake ndo unamtia mtu wazimu hilo sio jambo dogo.

Cha pili ni umbo la picha, na hapa naomba utulie maana ndo penye makosa mengi. Filamu ya milimita 16 fremu yake inakaribia mraba, 1.37 kwa 1. Kwenye sinema walikuwa wanafunika juu na chini inakuwa pana, 1.85. Zote mbili ziko kwenye Blu-ray, unachagua. Kwenye TV za sasa ile ya 1.37 inatakiwa ije na michirizi mipana myeusi kulia na kushoto, na ile ya 1.85 inajaza karibu skrini yote, unabaki na kauzi kembamba tu juu na chini. Ukiona picha ya mraba imejaa skrini nzima bila michirizi basi ama TV yako inaivuta ama aliyetengeneza kopi kaivuta, na watu wote wanakuwa na mashavu mapana. Kupima ni rahisi, tafuta kitu cha duara kwenye picha. Mimi naangalia jicho la yule nyati kwenye mchoro, kamera inalisogelea sana na ukilikuta limelala limekuwa kama yai basi rekebisha kabla hujaendelea.

Mimi nachagua 1.37 bila kusita. Lile ghorofa lao dari lake liko juu, mchoro ni mrefu, na muda mwingi Reno anaonekana mdogo chini ya vitu vilivyo juu yake, ukifunika juu na chini ule uzito unapungua. Wapo wanaopenda 1.85 kwa sababu ndo ilivyoonekana sinema, na wana hoja, fremu inakaza zaidi kwenye matukio ya mtaani. Jaribu zote dakika tano tano uamue.

Cha tatu, giza. Hii muvi ina usiku mwingi na walikuwa hawana taa za kutosha, mitaani wametumia mwanga uliopo. Kwenye kopi nzuri unaona mtu kalala pembeni ya ukuta kabla Reno hajamfikia, unaona kabisa nguo zake, unaona ukuta una unyevu. Kwenye kopi mbovu unaona bonge la weusi, kisha unasikia drili, kisha mtu anapiga kelele. VHS, yaani zile kanda za video za zamani, uwezo wake ni mistari kama 240 tu ya upana, na rangi ndo zinapata kidogo zaidi, hasa nyekundu, inavuja inatoka nje ya mipaka ya kitu chenyewe. Muvi hii nyekundu ni nyingi kweli, kuna damu, kuna rangi za mchoraji, kuna mwanga wa kwenye maonyesho ya bendi. Ukiiona kwa kanda ya zamani iliyorudufiwa mara tatu nyekundu yote inakuwa ukungu mmoja na usidhani ndo alivyotaka mwongozaji.

Kwa hiyo kama unataka jibu fupi la ununue nini, nunua Blu-ray ya Arrow. Picha imesafishwa vizuri, chembechembe za filamu wameziacha, vesheni zote mbili zipo, maumbo yote mawili yapo, kuna maelezo ya sauti ya Ferrara mwenyewe, yaani anaongea juu ya muvi wakati inaendelea, akiongozwa na Brad Stevens, kuna insha ya video ya Alexandra Heller-Nicholas kuhusu kazi zake, na kuna Mulberry St., dokumentari ya Ferrara ya 2010. Kitu cha kuangalia ni rijeni, yaani eneo la dunia ambalo diski imefungiwa, pleya ya eneo jingine inaweza kuikataa. Blu-ray zimegawanywa A, B na C, Marekani ni A, na Ulaya, Afrika na Australia ni B. Soma nyuma ya kasha ina herufi gani, kisha soma pleya yako, usinunue kwa kubahatisha.

Kama bajeti haifiki huko, au pleya yako ni ya DVD tu, ile ya Cult Epics ya diski mbili bado inafaa, tena ina vifilamu vifupi vya mwanzo vya Ferrara ambavyo kuvipata kwingine kazi. Kumbuka DVD nazo zina rijeni zake, Marekani ni 1. Ukinunua ya mtumba igeuze uitazame upande wa chini kwenye mwanga: diski iliyotoka kiwandani ni ya fedha safi, iliyochomwa nyumbani kwa kompyuta ina uzambarau au ukijanikijani. Ukiona zambarau wakati umeuziwa kama orijino, rudisha.

Yale maboksi ya muvi hamsini ningekushauri uachane nayo kwa hii muvi. Sio kwamba bei yake mbaya, ila wameminya muvi nyingi mno kwenye upande mmoja wa diski, na usiku wa New York ukiminywa hivyo unavunjika vipande vipande vya mraba. Hivyohivyo na zile zinazoelea bure mtandaoni, nyingi zimetokana na hizo hizo.

Kama unataka ile kanda yenyewe ya VHS

Wapo wanaotaka ile ya VIPCO ya 1982, ile ya kabla ya sheria, na nawaelewa, kile ni kipande cha historia. Lakini hiyo nunua kama kumbukumbu, ya kutazama tafuta nyingine. Bei zake zinapanda kwa sababu ya umaarufu wa lile kava na palipo na bei feki hazikosi.

Anza na karatasi ya kava. Karatasi iliyopigwa chapa kiwandani miaka ile ukiisogelea na lenzi unaona vitone vya rangi vimejipanga kwa mpangilio maalum, vinatengeneza vijiduara. Iliyotoka kwenye printa ya nyumbani vitone vyake vimetawanyika ovyo, na iliyopigwa fotokopi maandishi madogo kingo zake zimevimba na hazisomeki vizuri. Angalia hapo kwenye maandishi madogo kuliko kwenye ile picha ya drili, maana feki wanajitahidi sana kwenye picha na kwenye maandishi wanachoka. Kisha tafuta alama ya umri ya BBFC. Kanda ya kweli ya 1982 haiwezi kuwa na duara la 18 la cheti cha video, kwa sababu hicho cheti kilikuwa hakijaanza. Kama lipo, unauziwa kitu cha baadaye. Na mgongoni mwa kanda, pale kwenye kona panapokuwa na kile kiplastiki kidogo cha kuzuia kurekodi juu yake, kanda za kiwandani kwa kawaida hazina hicho kiplastiki, pako wazi. Ukikikuta kizima shtuka, inawezekana ni kanda tupu ya kawaida mtu karudufia na kabandika lebo.

Ukishaipata usiitie kwenye mashine hapohapo. Fungua kile kifuniko cha mbele, tazama mkanda, na kwenye kidirisha angalia kingo za bobini. Kama kuna kitu cheupe kama unga au utando, huo ni ukungu, ukiucheza unapaka kwenye vichwa vya mashine na kutoka hapo unahamia kwenye kila kanda utakayoweka baadae. Kanda ya hivyo ifunge kwenye mfuko peke yake mpaka umpate mtu anayesafisha. Kama ni safi na imetoka safari au sehemu ya baridi, iache chumbani masaa kadhaa izoee joto, halafu ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe yote ndo uicheze, mkanda uliokaa miaka bila kuzunguka huwa unashikana. Kumbuka pia kanda ya Uingereza ni PAL, mashine ya NTSC peke yake itakuonyesha mistari na makelele. Uhifadhi wake isimamishe wima kama kitabu, mbali na spika kubwa maana zina sumaku.

Kuiweka TV

Haya, una diski nzuri, usiiharibu na setingi. TV nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa za kung'arisha mpira na tangazo, sio muvi ya milimita 16. Ingia kwenye aina ya picha chagua ile ya filamu au sinema. Zima kile kitu cha kulainisha mwendo, kila kampuni inakiita jina lake ila kazi yake ni kubuni fremu za katikati ambazo hazipo, kinafanya muvi ya 1979 ionekane imepigwa jana kwa kamera ya simu. Punguza ukali wa picha, sharpness, karibu na sifuri. Zima kupunguza kelele ya picha. Hii ya mwisho watu wanabisha sana kwa sababu chembechembe zinawasumbua macho, wanataka zifutwe. Usizifute. Zile chembe ndo picha yenyewe, ukizifuta unafuta na vinyweleo vya ndevu za watu, unafuta na nyuzi za turubai la mchoraji, anabaki mtu wa nta. Kaa dakika kumi macho yatazizoea na hutaziona tena.

Mwanga wa chumba punguza, zima taa iliyo nyuma yako maana itajionyesha kwenye kioo cha TV wakati wa matukio ya usiku na ndo mengi.

Umbo la picha kwenye rimoti weka orijino, usiweke kujaza. Nimeshasema kuhusu jicho la nyati.

Sauti ni mono, yaani ya njia moja tu, spika za pembeni hazina kazi, usiwashe zile setingi za kujifanya ukumbi. Ila iwe juu. Muvi yenyewe inaanza na maandishi kwenye skrini yanayosema ichezwe kwa sauti kubwa, na ni maelekezo ya kweli kabisa. Reno anaharibiwa na kelele, ukiweka chini kwa kuheshimu majirani unakuwa umekaa nje ya kichwa chake, unamuona tu mtu anakasirika bila sababu. Ukiweka juu, baada ya mazoezi ya tatu ya The Roosters wewe mwenyewe unatamani wanyamaze, na hapo ndo unakuwa umefika alipo yeye. Kama kweli majirani wapo karibu vaa hedifoni nzuri, zinafanya kazi vizuri tu kwa mono. Muziki mwingine kafanya Joe Delia na ule nao una mambo madogo ya sinteza chini chini ambayo spika nyembamba za TV zinayameza yote.

Ukishakaa sasa, sikiliza jinsi drili inavyoingia. Mara ya kwanza haiingii kama silaha, inaingia kama kifaa cha nyumba, mtu anatoboa kitu mlangoni. Angalia pia simu, kila inapolia au kila bili yake inapotajwa kuna kitu kinapanda kwa Reno. Na angalia wale watu wa barabarani, Ferrara anawapa muda, anawaacha waongee, wacheke, walale, mmoja mmoja, kabla hajawatoa. Kwenye lile kava kuna paji la uso tu la mtu asiyekuwa na jina. Kwenye muvi umeshamtazama mtu mzima na umeshaona anakoishi, ndo maana tukio lenyewe linauma, na ndo maana mimi siwezi kukubaliana na wanaosema ni muvi ya kuua tu.

Mpangilio wa kutazama

Anza na vesheni ya sinema, ya dakika 96. Imekazwa vizuri na ndo iliyotoka. Usianze na ile ndefu kwa kudhani ndefu ndo bora, zile dakika tano za ziada hazina damu zaidi, kinachoongezeka ni maisha yao mle ndani, na kama hujawazoea hao watu utaona zinapunguza kasi. Ipe wiki moja au mbili, kisha rudi na ile ya 101, hapo utazifurahia kwa sababu unawajua.

Mara ya tatu weka maelezo ya Ferrara. Anaongea kama mtu aliyekaa kochi moja na wewe, anaruka mada, anacheka, anakatiza, kuna wakati anasahau kabisa kuwa anatakiwa aeleze tukio na anamuongelea mtu aliyesimama nyuma ya picha. Ukitaka maelezo yaliyopangwa ya kitaalamu hayo yapo kwenye insha ya Heller-Nicholas, ianze hiyo kwanza kama wewe ni mtu wa mpangilio. Ila usiyakose ya Ferrara, na ukiwa unayasikiliza weka picha ya 1.85 badala ya 1.37, maana maneno yanakushughulisha masikio na macho yanapata nafasi ya kulinganisha nini kimefunikwa juu na chini.